Pikipiki, baridi na betri isiyojaa

Siti ilikuwa chini, pini mbili za mita ziko juu ya vichwa vya betri, na injini bado inatoa joto la safari. Mita ikasoma volti 13.0. Nikageuka kuweka glovu juu ya tangi, niliporudi ikawa 12.8. Ufunguo ulikuwa mfukoni, taa zote zimezimwa, hakuna kilichokuwa kinatumia umeme zaidi ya saa ya dashibodi, lakini namba ikawa inateremka tu: 12.7, ikatulia kidogo, 12.6. Nikarudisha siti, nikaenda kulala. Asubuhi, kabla sijagusa chochote, ilikuwa 12.3.

Pikipiki hiyo haikuwa imelala stoo mwezi mzima. Ilikuwa imetoka barabarani jioni ileile.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Betri haikuwa imekufa, ilikuwa bado inawasha. Kilichonisumbua ni kwamba ninaitumia kila siku, na bado kila nikipima asubuhi naikuta chini kidogo kuliko nilivyotarajia. Ushauri unaotolewa kila msimu wa baridi ni mmoja: usiiache ikae, itembeze. Fundi niliyemuuliza aliniambia bila hata kuinua kichwa, "Wewe itembeze tu, kaka, itajichaji."

Mimi naitembeza. Mbona haijai?

## Mita inasema nini

Betri ya kawaida ya pikipiki ni ya risasi na asidi, ukoo uleule wa ile aliyoitengeneza Gaston Planté huko Ufaransa mwaka 1859. Ina seli 6, kila moja ikitoa kama volti 2.1. Ikiwa imejaa husoma 12.7 au 12.8, na hizi zilizofungwa za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, huweza kuzidi hapo kidogo. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu. Kwenye 12.2 iko nusu. Kwenye 12.0 imebaki robo, na chini ya hapo ni kuomba Mungu.

Sharti ni iwe imepumzika. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini, unapima chaji iliyokaa juu juu kwenye uso wa sahani za risasi, ambayo haijaingia ndani. Ndiyo ile 13.0 iliyokuwa ikiyeyuka mbele ya macho yangu. Iache saa kadhaa, au usiku kucha, ndipo mita ikwambie ukweli. Kama una haraka, washa taa ya mbele kwa dakika moja, zima, subiri kidogo, pima.

Kwa hiyo 12.3 yangu ya asubuhi ilikuwa betri yenye chini kidogo ya thuluthi mbili.

Katika hali ya hewa ya joto, thuluthi mbili haina neno. Unabonyeza, inawaka, unaondoka. Kwenye sifuri mambo hubadilika, kwa sababu kemia ya ndani hupunguza mwendo. Hata betri iliyojaa, ikifika nyuzi 0 za Selsiasi hutoa takribani asilimia 80 ya uwezo wake, na ikifika −18 hushuka hadi karibu nusu. Wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inageuka kwa shida, kwa hiyo stata inadai umeme mwingi zaidi kutoka kwa betri iliyopungukiwa.

Ile namba ya CCA iliyoandikwa kwenye ubavu wa betri hupimwa palepale kwenye −18: ni ampea ambazo betri mpya, iliyojaa, inaweza kuzitoa kwa sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Mpya. Iliyojaa. Yangu ilikuwa haina sifa hata moja kati ya hizo mbili.

## Stata ilisingiziwa

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa ile ya wengi: kuwasha injini kunakula chaji nyingi, na safari fupi haitoshi kuirudisha. Ina mantiki. Unasikia jinsi stata inavyovuta, taa zinavyofifia, unaamini kabisa kwamba kitu kikubwa kimechotwa.

Nikakaa na karatasi.

Tuseme stata inavuta ampea 120, na baridi imefanya injini ichukue sekunde mbili na nusu kushika. Hizo ni ampea-sekunde 300. Ukizigeuza kuwa ampea-saa, kipimo kinachoandikwa kwenye betri, unapata 0.083. Betri ya ukubwa wa kati ina ampea-saa 10. Kwa maneno mengine, kuwasha kumechukua chini ya asilimia moja. Koili, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, ikirudisha ampea 2 tu za ziada, deni hilo limelipwa ndani ya dakika mbili na nusu, kabla hujafika hata barabara kuu.

Nilirudia hesabu hiyo kwa kuwa sikuiamini. Ukiongeza ampea, ukaongeza sekunde, ukaweka na jaribio la pili, bado ni kidogo mno. Stata huchota kwa nguvu kubwa, lakini kwa muda mfupi sana.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Kama kuwasha si tatizo, ile theluthi nzima ilikuwa inakwenda wapi?

## Haba na haba

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyolelewa. Kwenye betri ya risasi, haba na haba huishia robo tatu ya kibaba.

Sababu iko ndani ya sahani. Betri inapotoa umeme, risasi huungana na asidi na kuwa salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo huvunjwa na asidi inarudi majini. Ile iliyo karibu na uso wa sahani huvunjika upesi, kwa hiyo betri iliyo nusu hupokea chaji kwa pupa na kufika asilimia 80 bila mabishano. Baada ya hapo mlango unakuwa mwembamba. Asilimia 20 za mwisho hutaka saa nyingi, na hutaka volti isimame pale juu muda wote huo, kwa sababu kazi iliyobaki iko ndani kabisa ya sahani ambako asidi hupita polepole.

Saa nyingi. Safari yangu ya kwenda kazini haifiki hata saa moja.

Na baridi huufanya mlango huo uwe mwembamba zaidi. Betri yenye ubaridi wa sifuri inahitaji karibu nusu volti zaidi ya ile inayohitaji kwenye nyuzi 25 ili ipokee chaji sawasawa. Chaja nzuri za ukutani zina kipima joto na hujirekebisha. Rekta nyingi za pikipiki, yaani vifaa vinavyodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri, zimewekwa mahali pamoja, volti 14 na ushee hivi, kiangazi na baridi. Kwa hiyo asubuhi ya baridi, betri inapewa volti ileile ya siku zote huku yenyewe ikiwa imefunga mdomo. Inapoanza kupata joto la injini na kufunguka, mimi nimeshafika na nimezima.

Sehemu hii ndiyo iliyoniuma zaidi, maana madhara yake hayafutiki. Salfeti inayoachwa bila kuvunjwa huanza kujijenga kuwa fuwele kubwa na ngumu. Mwanzoni chaja ndefu ya usiku mzima inaweza kuziyeyusha. Zikishakomaa hazirudi tena, na eneo la sahani zilizolifunika ni kama limefukuzwa kazi. Betri inayoishi kwenye thuluthi mbili msimu mzima haitoki kwenye msimu huo ikiwa betri ileile, hata kama haikuwahi kukataa kuwasha asubuhi moja.

Ndiyo maana wengi wanasema betri yao "ilikufa ghafla". Ilikuwa inakufa tangu miezi ya mwanzo ya baridi, kila siku kidogo, huku mwenyewe akiamini anaichaji.

## Hesabu ya wati

Bado kulikuwa na upande wa pili wa daftari: matumizi. Pikipiki haina jenereta kubwa kama ya gari. Ina koili iliyofungwa kando ya injini, na sumaku zinazoizunguka. Umeme wake unategemea mizunguko ya injini. Ukienda mbio unapata wa kutosha, ukisimama kwenye foleni unapata makombo.

Chukua pikipiki ya wastani ambayo koili yake hutoa wati 300 kwenye mizunguko 5,000. Pampu ya mafuta, injekta, kompyuta na plagi vinakula kama wati 90. Taa ya mbele ya halojeni, pamoja na ya nyuma na za dashibodi, kama 70. Hadi hapo una ziada nzuri, na wakati wa joto ziada hiyo haina pa kwenda. Katika mfumo wa rekta ulio wa kawaida zaidi, umeme usiohitajika hukatizwa na kugeuka joto bure.

Sasa ingiza baridi. Vishikio vya usukani vyenye kupasha joto: wati 35. Koti la umeme: 80. Glovu za umeme: 25. Jumlisha yote utapata 300 kamili. Pikipiki inatembea mizunguko 5,000, kila kitu kimewashwa, na betri haipati hata ampea moja.

Na hapo ni barabara kuu. Kwenye foleni, injini ikinguruma taratibu, tuseme koili hiyohiyo inatoa 120. Wati 180 zinazopungua lazima zitoke kwenye betri, na hizo ni zaidi ya ampea 14. Dakika kumi za hivyo zinachota ampea-saa 2.4. Kwenye betri ya 10, ni karibu robo nzima.

Weka hiyo 2.4 kando ya ile 0.083 ya stata. Foleni moja ya dakika kumi, koti na glovu vikiwa juu kabisa, ni sawa na kuwasha injini karibu mara thelathini.

Nilipoziona namba hizo mbili zikiwa pamoja kwenye karatasi, wiki zote zile za kujiuliza zilipata jibu lake. Tatizo halikuwa asubuhi, wakati wa kuwasha. Lilikuwa njiani.

## Mikono kwanza

Jibu la haraka lingekuwa kuzima vitu vya joto. Nililifikiria kweli, na nililikataa.

Kwenye nyuzi 5 tu juu ya sifuri, mwendo wa kilomita 100 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ipoteze joto kana kwamba hewa ina −3. Kwenye sifuri yenyewe, mwendo huo unakupeleka kwenye −11 hivi. (Betri haiathiriki na hilo. Upepo unaweza kuipoza upesi, lakini hauwezi kuifanya iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Ni sisi wenye damu ya moto tunaolipia upepo.) Vidole vilivyoganda havisikii breki. Vinabana klachi kwa kuchelewa, vinatafuta swichi ya indiketa bila kuipata. Na hii ni barabara ambayo asubuhi inaweza kuwa na barafu nyembamba usiyoiona, hasa juu ya madaraja, ambayo hupoa pande zote na kuganda kabla ya barabara iliyokaa juu ya ardhi. Matairi nayo yamekuwa magumu, mshiko umepungua. Siwezi kuingia kwenye barabara kama hiyo na mikono isiyofanya kazi ili niiokoe betri. Betri inanunuliwa nyingine.

Lakini kuna joto lisilodai wati, na huko ndiko nilikopata nafuu kubwa. Mifuko ile mipana inayofungwa juu ya vishikio, ambayo unaingiza mikono ndani yake, haina sura ya kuvutia hata kidogo. Wenye pikipiki zilizong'arishwa wanaikwepa. Inazuia upepo kabisa, na upepo ndio mwizi mkuu. Ikiwepo hiyo, vishikio naviweka kwenye kiwango cha chini kabisa na glovu za umeme sizihitaji tena. Kioo kirefu cha mbele kinafanya kazi hiyohiyo kwa kifua.

Kuhusu koti nilisita zaidi, kwani ndilo linalokula kuliko vyote na ndilo lingekuwa la kwanza kuzimwa. Ila mwili una utaratibu wake. Kifua kikipoa, mwili hubana mishipa ya vidole ili damu ya moto ibaki kwenye moyo na mapafu. Ukikipasha joto kifua, damu inarudi mikononi yenyewe. Kwa hiyo koti linabaki, nikiliwasha barabara kuu ambako koili ina nguvu, na kulizima naposogea kwenye mataa na foleni. Joto lake halipotei mara moja, nguo za juu zinalishikilia kwa dakika kadhaa.

Ili nijue lini nizime, nimefunga kimita kidogo cha volti kwenye usukani, kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Ikiwa juu ya 13.5, betri inalishwa. Ikishuka chini ya 12.8 injini ikiwa inanguruma, betri ndiyo inayolisha wengine, na kitu kimoja lazima kizimwe. Sijui kifaa kingine kidogo kiasi hicho kilichobadilisha uendeshaji wangu wa baridi kuliko hicho. Hukisii tena.

Taa ya LED nayo inasaidia: mahali pa wati 55 inakaa 20 hivi, na ulichookoa kinatosha kulisha vishikio. Ina kasoro mbili. Kioo chake hakipati joto, kwa hiyo theluji ikikishika haiyeyuki yenyewe kama kwenye halojeni, na kuna nchi ambako kuchomeka balbu ya LED kwenye taa iliyotengenezewa halojeni hakuruhusiwi. Angalia sheria yako kwanza.

## Kuiacha ingurume

Kuna wanaoiegesha pikipiki msimu mzima na kuiwasha kila wikendi, ingurume dakika kumi, "betri isilale". Nimeona hili likifanywa kwa upendo mwingi, na ninaomba liachwe.

Kwenye mngurumo wa taratibu koili inatoa makombo, tumeshaona. Mara nyingine haifikishi hata volti 13, kwa hiyo unachota ya stata na kurudisha kidogo au usirudishe kitu. Mbaya zaidi ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takribani lita moja ya maji. Injini iliyopata joto barabara huyatoa yote kama mvuke. Injini iliyonguruma dakika kumi kwenye baridi huyaacha yagande kwenye ekzosi na kuchanganyika na oili, na yanakaa humo hadi wikendi ijayo, yanapoongezewa mengine. Na kama banda limefungwa, kuna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu.

Ama itoke, itembee hadi ipate moto kweli, au isiwashwe kabisa na betri ichomekwe kwenye chaja.

## Waya chini ya siti

Nilichofanya hatimaye ni kitu kidogo. Waya mfupi wenye fyuzi umefungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, na ncha yake yenye plagi imetokeza pembeni ya siti. Nikiegesha, nachomeka chaja. Siti haivuliwi, spana haishikwi. Nimegundua kuwa hiyo ndiyo siri yote: jambo linalochukua sekunde tano hufanyika kila jioni, linalochukua dakika tano hufanyika wiki ya kwanza tu.

Chaja yenyewe iwe ya kujiongoza, inayojaza kwa volti ya juu na kisha kushuka kwenye 13.5 hivi na kukaa hapo ikishikilia. Ampea zake ziwe kama sehemu moja ya kumi ya ampea-saa za betri: betri ya 10, chaja ya ampea 1. Zile za zamani zisizojua kuacha huendelea kusukuma hadi maji ya betri yakauke, na betri ya AGM haina pa kuongezea maji. Chaja hii ndogo inapata kitu ambacho safari haina, yaani muda. Inakaa usiku kucha kwenye zile asilimia 20 za mwisho, bila haraka.

Asubuhi ya kwanza baada ya usiku huo mita ilisoma 12.8. Stata ilitoa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, kali na fupi.

Kwa asiye na umeme pale anapoegesha, betri itolewe na kuchajiwa ndani. Legeza hasi kwanza, chanya baadaye. Fremu nzima imeungwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umeunganisha vichwa viwili vya betri kwa chuma, na cheche zake si za mchezo. Wakati wa kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Chajia mahali penye hewa, betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Pikipiki inayokaa muda mrefu ina adui mwingine. Alamu au kifaa cha kuifuatilia kinachovuta miliampea 10 tu hula ampea-saa 7.2 kwa siku 30. Betri ya 10, hata ikianza imejaa, hubakiwa na chini ya theluthi hapo. Na iliyobaki tupu inaweza kuganda: betri iliyojaa huvumilia hadi karibu −60, ila iliyoisha chaji asidi yake ni maji zaidi kuliko asidi, na huganda karibu na −10. Iliyoganda usiichaji, usiiboost. Inaweza kupasuka. Iingize ndani iyeyuke kwanza, kisha uichunguze kama kasha limepasuka.

Na kabla hujailaumu betri yoyote, kagua vichwa vyake. Barabara za baridi humwagwa chumvi, na chumvi hupanda hadi chini ya siti. Weka pini moja ya mita kwenye kichwa cha betri chenyewe na nyingine kwenye waya uliofungwa juu yake, kisha piga stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, umeme unapotelea kwenye ukungu ule mweupe, na dawa yake ni brashi ya waya na grisi kidogo. Ufanye hivyohivyo kwa waya wa hasi pale unapofungwa kwenye injini, mahali ambapo hakuna anayepaangalia.

## Litiamu

Watu wameniuliza kwa nini nisihamie betri ya litiamu nikaachana na mateso haya. Ni nyepesi mno, haipotezi chaji upesi ikikaa, na haina shida ya salfeti: ikiwa nusu haidhuriki. Kwa mtu wa safari fupi hilo peke yake ni hoja nzito, na nimeipima mara nyingi.

Kinachonizuia ni sifuri. Betri ya litiamu ya pikipiki, kwa kawaida ile ya fosfati ya chuma, ikiwa baridi sana hugoma kutoa ampea nyingi. Inabidi uiamshe: washa taa ya mbele dakika moja au mbili ili ijipashe joto kwa ndani, kisha piga stata. Jaribio la pili huwa na nguvu kuliko la kwanza, kinyume kabisa na ya risasi. Hilo linazoeleka. Kubwa zaidi ni kwamba kuichaji ikiwa chini ya sifuri huifanya litiamu ijigandishe kama metali kwenye uso wa hasi badala ya kuingia ndani, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mimi ndiye yule anayewasha alfajiri kwenye baridi na kuanza kuichaji palepale. Na inahitaji chaja yake, kwa sababu chaja zenye hatua ya kuvunja salfeti hupiga volti ambazo litiamu haizitaki.

Kwa anayeegesha ndani ya nyumba yenye joto, ningesema nunua bila kusita. Kwa pikipiki inayolala nje, nabaki na risasi.

## Joto likirudi

Nilidhani mwisho wa baridi nitaufungua ule waya na kuuweka kabatini. Nimebadili mawazo. Kupoteza chaji kwa betri iliyokaa huenda polepole kwenye baridi, na huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Pikipiki iliyoachwa wiki kadhaa kwenye kivuli cha moto hujiishia haraka kuliko iliyoachwa kwenye theluji, ila wakati wa joto hakuna anayeona, kwa kuwa hata betri dhaifu huwasha injini yenye oili nyepesi. Fuwele za salfeti zinaendelea kujengeka hivyohivyo, na hesabu inakuja kudaiwa asubuhi ya kwanza ya baridi inayofuata. Waya unabaki chini ya siti mwaka mzima, na chaja nayo inabaki ukutani.